Kulala Mara Mia Tano

Domitila alishuka Kigoma kwa ndege ya asubuhi, akapanda gari hadi Kasulu, na alipofika mlangoni kwangu kitu cha kwanza alichoniuliza, hata kabla hatujasalimiana sawasawa, ni kama bado najua hesabu. Nilicheka. Mtu umemngoja miaka karibu ishirini, umenunua mpaka vikombe vipya, halafu anakuja kukutahini mlangoni. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa miwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimesimama palepale alipokiacha, kimejaa misemo ya vijana wa wakati ule ambayo wanafunzi wangu wa leo wakiisikia wataniuliza ni lugha gani. Nikamwambia hesabu ndiyo inayonipa mkate, nitaisahauje. "Basi kuna kitu utanihesabia kesho," akasema, "tukitoka kwa Nyogokuru." Nyogokuru ni bibi kwa Kirundi, na huyu alikuwa bibi yake mzaa baba. Kwa Nyogokuru maana yake sasa ni kaburini, Kitahana. Sikumuuliza ni kitu gani anataka kihesabiwe. Nilikijua, nilikuwa nimekihesabu zamani, na nyuma ya madaftari kabatini mwangu kulikuwa na kopo lililokuwa likimsubiri.

Mwaka ninaousimulia haukuanza Januari. Ulianza Mei, nikiwa kidato cha nne upande wa Kibondo, ukaisha Juni ya mwaka uliofuata. Nilikuwa nimepanga chumba Kitahana kwenye nyumba ya vyumba viwili, tofali za udongo, bati lililotobokatoboka, na ukuta wa katikati ambao fundi alichoka kabla ya kuufikisha juu. Kila kilichopikwa upande wa pili nilikinusa, na kila kilichosemwa nilikisikia. Upande wa pili alikaa Nyogokuru na mjukuu wake Domitila. Wazazi na wadogo zake walikuwa katika kambi ya wakimbizi wa Burundi, mwendo wa kama saa moja kwa miguu, lakini Domitila aliwekwa kwa bibi ili asome shule yetu. Mimi nilikuwa na godoro, jiko la mkaa, sufuria moja na kiburi cha mtu anayeongoza hesabu darasani. Jioni Nyogokuru aligonga ukuta kwa mwiko. "Mwana wanje, mwanangu, umekula?" Nikajibu nimekula. "Umekula chaki," alisema, na sahani ya ugali wa muhogo na maharage ya mawese ikapitishwa juu ya ukuta, mikono ya Domitila ikiwa imeishikilia na mimi nimesimama juu ya kiti kuipokea. Nimekula katika hoteli zenye vitambaa mezani tangu wakati ule. Sijawahi tena kupokea chakula kutoka juu.

Nilimpenda Domitila. Nalisema leo bila kuona haya kwa sababu umri umeshanisamehe. Wakati ule nisingelisema hata kwa kuchapwa. Tulisoma pamoja barazani, benchi moja, kitabu kimoja cha majedwali, kwa kuwa kikokotoo hatukuwa nacho. Mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Mushi, alikuwa ametoka Kilimanjaro na hakuchoka kutuambia kwamba kwao kuna baridi ya kweli. Mei ile alikuja darasani na mpira wa miguu aliouchora mistari kwa kalamu nyekundu, akatufundisha kutafuta umbali ambao ndege inaruka kati ya viwanja viwili. Viwanja vikiwa kwenye mstari mmoja wa kutoka kaskazini kwenda kusini, unafanya hivi. Vikiwa kwenye mstari mmoja wa mashariki magharibi, unafanya vile. Domitila akanyoosha mkono, "Mwalimu, na visipokuwa kwenye mstari mmoja?" Mwalimu Mushi akaudundisha mpira mara moja sakafuni. "Hilo mtihani hautauliza," akasema, na somo likaishia hapo.

Jumapili moja baada ya ibada, baba yake Domitila alikuja kutoka kambini. Nilikuwa godoroni na bakuli langu, nikasikia akimwambia mama yake kwamba majina yametoka. Familia nzima, yeye Nyogokuru akiwemo, wamekubaliwa kwenda Amerika, mji unaitwa Denver, wiki tatu zijazo. Nyogokuru akauliza kama huko kuna mtu anayeweza kurudi. Mwanawe akasema mambo ya kurudi wameyaacha. "Mimi sijayaacha," Nyogokuru akasema. Wakabishana kwa Kirundi, haraka, nami nikiokota neno moja moja kwa msaada wa Kiha changu, kinachofanana nacho, hadi likaja lile lililonifanya niache kutafuna. "Mama, kama huendi, Domitila atabaki na wewe. Mzee haachwi peke yake." Maharage yalinipoa mkononi. Toka dakika ile nilikuwa na jambo moja tu duniani nililolitaka, na jambo lenyewe ni kwamba bibi kizee yule akatae kupanda ndege.

Kesho yake Nyogokuru aliniita upande wake. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, picha ya Bikira Maria na gunia la maharage lililochanganywa majivu ili yasitobolewe na wadudu. "Wewe mwenye vitabu," aliniambia, "huko ni kulala mara ngapi?" Kwao safari ilipimwa hivyo, kwa idadi ya kulala njiani. Kutoka kilima chao, ng'ambo ya mto Malagarasi, hadi Kitahana alilala mara tatu, na njia hiyo aliipita mara tatu maishani mwake, mbili akikimbia na moja akirudi. Nikamwambia, Nyogokuru, ni ndege, mtu halali mara nyingi. Akanitazama kama mtu anayemngoja mtoto amalize kujikuna. "Ndege inapeleka. Mimi nauliza kurudi. Mahali usipoweza kurudi kwa miguu, kabla hujaenda ujue ni wapi." Domitila alikuwa mlangoni anachambua kisamvu. Aliinua kichwa, akanitazama, akainama tena.

Nikajifungia na atlasi ya shule. Kilomita za kutoka kilimani kwao hadi Kitahana nilizipima kwa rula, nikazifuata kona za barabara, nikapata mia moja na ishirini hivi, yaani arobaini kwa kila kulala. Hilo lilikuwa rahisi. Kutoka kiwanja cha Kibondo hadi Denver ndiko kulikonitoa jasho, kwa sababu viwanja vile havikuwa kwenye mstari mmoja wowote, na mtihani hauulizi hilo. Nikafanya alichofanya kila mwanafunzi wa Mwalimu Mushi aliyewahi kubanwa: nikaikata safari vipande viwili, nikaipeleka kwanza magharibi tu, kisha kaskazini tu, nikajumlisha. Nikapata kilomita elfu ishirini. Nikaigeuza, kwanza kaskazini kisha magharibi, ili nijihakikishie. Nikapata elfu kumi na sita na nusu. Nilikaa nikizitazama namba mbili hizo. Mwanafunzi mwaminifu angejua kwamba safari moja haiwezi kuwa na umbali wa namna mbili, na kwamba njia yenyewe ina kasoro. Mimi nilichukua kubwa. Nilikwenda upande wa pili nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Nyogokuru, ni kulala mara mia tano."

Akashika kidevu. "Mia tano," akasema. "Basi siendi. Nitafia njiani." Moyo wangu uliruka, nikaona aibu, ukaruka tena. Kesho yake jioni mwanawe alikuja, nami nilikuwa nimeshasimama juu ya kiti kabisa, sikio juu ya ukuta. Nyogokuru alisema haendi. Mwanawe akasema basi Domitila atabaki. "Oya," akasema Nyogokuru, na hapana ile ilisikika mpaka uani. "Mtoto hawekwi kulinda kaburi. Domitila anakwenda. Mimi nina huyu wa upande wa pili, anajua kusoma na hali vizuri, tutafaana." Nilishuka kwenye kiti taratibu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu darasa la tatu, na bado ilinibidi nifundishwe upya.

Waliondoka kwa ndege ndogo kutoka Kibondo. Tuliosindikiza tulisimama nyuma ya kamba, mbuzi wakafukuzwa kwenye kiwanja, Domitila akiwa na sweta jipya katika jua lile na bahasha nyeupe yenye karatasi zake. Alinipa kitabu cha majedwali. "Utanizidi alama sasa," akasema, na mimi niliyekuwa nimeandaa sentensi wiki tatu nikasema, "Nilikuwa nakuzidi tangu zamani." Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, na nimeishi nayo. Nyogokuru hakuja kiwanjani. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye mkeka, kopo tupu la maziwa ya unga mbele yake. Akaniambia nimhesabie maharage mia tano. Nikahesabu. Akasema mgeni husindikizwa, na yeye atawasindikiza polepole, kwa mwendo wake. Kila asubuhi angetoa punje moja, aitie kwenye sufuria ya siku ile, na punje zikiisha atakuwa amefika mlangoni kwao.

Nilidhani atachoka baada ya wiki. Hakuchoka. Kila siku nikitoka shule aliuliza, "Leo nimefika wapi?" Nami nilifungua atlasi, kwa sababu uongo ukishauzaa huna budi kuulea. Njia yangu ilikwenda magharibi moja kwa moja, kwa hiyo siku ya tatu nilimwambia, kwa kusitasita, kwamba leo yuko kwao, kilimani. Alivaa kitenge kizuri. Akapika ndizi na maharage, akagonga ukuta mapema kuliko kawaida, tukala, naye akasema mgomba wa nyuma ya nyumba bado upo. Kisha Kongo, misitu, mito. Simu ya kwanza ya Domitila ilikuja kwa mwenye duka tukiwa katikati ya Kongo. Alisema wamefika salama, kuna theluji mlimani na watu hawasalimiani njiani. Nyogokuru akaishika simu kwa mikono miwili. "Ninyi mmefika," akamwambia, "mimi bado, niko Kongo, kuna tope." Nilimsikia Domitila akicheka, kisha nikasikia ameacha kucheka.

Baharini niliogopa kumpeleka. Ni kulala zaidi ya mara mia moja na thelathini majini matupu. "Nalala juu ya nini?" aliuliza, nikafunua atlasi bure. Akanihurumia. "Nimevuka Malagarasi na mtoto mgongoni, maji mpaka hapa," akagusa kifua. "Hiyo nayo ni Malagarasi, ila ni pana." Nilifanya mtihani yeye akiwa baharini. Nilipata matokeo yeye akiwa katika misitu ya Brazili, nikamsomea, akasema amefurahi lakini amechoka na mvua. Nilikuwa nimeanza kujitolea kufundisha shule ya msingi, na jioni badala ya kwenda kwa wenzangu nilikwenda kula maharage na bibi huyu, tukimzungumzia Domitila kama watu wawili waliofiwa na mtu mmoja ambaye hakufa. Simu zilikuwa zimepungua. Nilimkumbuka hadi nikawa nakasirikia sahani, kwa sababu sasa zilipitia mlangoni kama sahani nyingine zote.

Juni, mwaka mmoja na wiki mbili tangu waondoke, asubuhi moja sikusikia kopo wala sufuria upande wa pili. Nilimkuta amelala kwa ubavu, uso kuelekea ukutani, mwili umeshapoa, na kopo pembeni ya mkeka likiwa bado limefunikwa. Tulimzika Kitahana. Baada ya mazishi nilikaa kwenye mkeka wake nikahesabu punje. Zilibaki mia moja ishirini na moja. Nikafungua atlasi kwa mara ya mwisho. Alikuwa amemaliza kwenda magharibi, amekata kona kuelekea kaskazini kwa kulala mara mbili tu, na pale palikuwa katikati ya bahari ya pili, ambako hakuna hata kisiwa cha ukubwa wa nukta ya kalamu. Niliweka wino mahali pale. Kwa hesabu yangu mimi, Nyogokuru alifia majini, na ni mimi niliyempeleka.

Nilikuja kusomea ualimu hapa Kasulu, na katika maktaba ya chuo, kwenye kitabu kilichokatika jalada, nikakutana na kanuni ambayo Mwalimu Mushi aliiruka: namna ya kupata umbali kati ya viwanja viwili popote vilipo, bila kukata kona, mkato mmoja juu ya mgongo wa dunia. Niliikokotoa mara tatu. Kibondo hadi Denver ni kilomita elfu kumi na nne na kidogo. Nikagawanya kwa arobaini, nikaweka kalamu chini, nikatoka nje nikasimama karibu na bomba la maji mpaka mtu akaniuliza kama ninaumwa. Tangu hapo nimefundisha kanuni hiyo kila mwaka, mtihani uulize usiulize. Wanafunzi hunung'unika. Huwaambia watakuja kunishukuru, lakini sijawahi kuwaambia kwa nini.

Basi jana asubuhi tulikwenda Kitahana. Nyumba ile haipo tena, pamepandwa mihogo, lakini kaburi nimelijengea saruji na Domitila alilipangusa kwa kanga yake kama mtu anayepangusa meza. Alikaa chini. Aliniambia ana watoto watatu, mume dereva wa malori, na kazi ya usafi hospitalini iliyogeuka kuwa kazi ya uuguzi. Nami nilimwambia nilioa, nikafiwa. Kisha akasema, "Nihesabie. Siku anakufa alikuwa amefika wapi? Kwa njia ya kweli." Nikampa kopo. Nikamwambia yote: namba mbili, kwamba nilichukua kubwa, na kwa nini niliichukua. Hilo la mwisho nilisema nikiangalia mihogo. Kisha nikampa jibu. Kwa njia ya kweli ilikuwa kulala mara mia tatu hamsini na mbili. Nyogokuru alitembea mia tatu sabini na tisa.

Domitila alihesabu kwa vidole kama tulivyokuwa tukifanya. "Basi alikuwa amefika," akasema. "Siku ishirini na saba kabla." Nikasema ndiyo. "Siku aliyofika alifanya nini?" Nikasema sikumbuki. Nimejaribu miaka yote kuikumbuka siku ile na sikuipata, ilikuwa siku kama nyingine, labda nilimletea chumvi. Akavua miwani. "Alifika mlangoni kwetu, na mimi nilikuwa kazini," akasema. "Nani alimpokea?" Tulilia pale, watu wazima wawili, hadi mwenye shamba akatuletea maji bila kuuliza kitu. Ndipo nilipomwambia jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia yeyote: njia ya kweli haipiti kilimani kwao, inakata juu kupitia Rwanda. Kwa kosa langu angalau alilala kwao mara moja. Domitila akatikisa kichwa, akafunga kopo na kulifungua tena. "Mimi pia niliipiga hesabu ile," akasema. "Jioni ileile, barazani. Nilianzia kaskazini. Nilipata elfu kumi na sita na nusu. Halafu nikakusikia unamwambia mia tano, nikanyamaza."

Nilimtazama. Alikuwa anatazama kaburi. Nilitaka kumuuliza alinyamaza kwa sababu gani, na kwa mara ya pili maishani mwangu niliiacha sentensi nzuri bila kuisema. Tukarudi Kasulu. Gari la kumpeleka Kigoma lilikuwa lije saa kumi, ndege yake ni leo asubuhi. Tulipofika kwangu aliyaosha yale maharage mia moja ishirini na moja kuondoa majivu, akayatia kwenye sufuria yangu ndogo, akasema hawezi kuondoka na safari ya bibi haijaliwa yote. Maharage ya umri ule hayaivi upesi. Akasema tutie magadi. Nikamwambia magadi yameisha, na kopo la magadi lilikuwa nyuma ya mgongo wangu rafuni. Tulikaa kwenye viti vya jikoni tukichochea, akinisimulia kuhusu baridi, na kwamba ni kweli Mwalimu Mushi hakuwahi kuiona baridi. Nilicheka kama nilivyokuwa nikicheka kwenye benchi lile. Kila mara maji yalipopungua niliongeza.

Saa kumi na dakika chache gari lilipiga honi. Domitila akasimama, akashika mkoba, akaukalisha tena kwenye kiti. "Yameiva?" akauliza. Jikoni kote kulinukia maharage, harufu ileile iliyokuwa ikipita juu ya ukuta, na hata mtoto wa jirani angejua. Nilichota punje moja kwa mwiko, nikaipuliza, nikaibonyeza kwa vidole viwili. Ilipondeka papo hapo.

"Bado," nikamwambia.

Alinitazama, kisha akatoka nje kumwambia dereva azime gari.